Maneno Manne Aliyoyameza Shwari

Haya, kabla sijaanza, mwenye sufuria jikoni akaiepue kwanza. Mimi nikishafungua mdomo sinyamazi, na sitaki kesho nisikie kwamba nimeunguza chakula cha mtu. Na mwenye mtoto mgongoni asogee hapa mbele, maana leo nasema naye hasa.

Mnamkumbuka Fundi. Nyumba yake na yangu zilikuwa zinagawana ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, kule unaambiwa pole. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Cherehani aliiweka chini ya dirisha apate mwanga, na chini ya meza ya cherehani kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu alilala mtoto wa kike wa miezi minane. Kwa jinsi alivyokuwa mdogo ungemkadiria minne. Mtaa mzima tulimwita Punje.

Punje alipenda kelele za cherehani. Watoto wenu huimbiwa. Yule aliimbiwa na sindano. Mama yake akikanyaga, trrr, trrr, macho yanalegea. Akisimama kukata uzi, macho yanafunguka kama ya mlinzi aliyeitwa na bosi. Mimi nilikuwa nakaa kibarazani kwangu na ungo wa mboga, nasikiliza ile trrr, najisemea moyoni kwamba hapa ndipo penye amani.

Sasa ilikuwa asubuhi moja kama hiyo. Punje aliamka na kilio. Kilio cha kawaida tu, cha njaa, lakini kikapanda, na mara nikasikia cherehani imenyamaza ghafla katikati ya mshono. Nikachungulia dirishani. Kuchungulia ni kazi yangu, mnanijua. Midomo ya yule mtoto ilikuwa imegeuka rangi, si nyekundu tena, imekuwa ya zambarau kama mtu aliyekunywa wino. Kucha hali kadhalika. Fundi alikuwa ameitupa kaptula ya watu na sindano yake ndani. Alimbeba mtoto, akamkunja magoti yote mawili mpaka yakagusa kifua, akamkumbatia hivyohivyo alivyokunjika, akaanza kumnong'oneza sikioni polepole. Hakupiga kelele, hata kutikisika hakutikisika. Na mimi mtu mzima nilikuwa nimeziba mdomo kwa ungo.

Baada ya muda, ile zambarau ikaanza kuondoka.

"Ni nini hiki, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ni moyo, Bibi. Amezaliwa nao mbovu. Damu haipiti vizuri kwenda kwenye mapafu, akilia sana anakosa hewa. Kliniki wamenifundisha: nikimkunja hivi, na akatulia, damu inapata njia."

"Na usipomkunja?"

 Akachukua kaptula, akaanza kutafuta mahali aliposhona kombo.

Basi kuanzia siku hiyo na mimi nilijifunza kumkunja Punje. Na muuza maji wa mtaani alijifunza, na mama mwenye genge alijifunza. Fundi hakuona haya. Mtu akisema nipe nimbebe, hampi mtoto kabla hajampa somo. Tulimtania, tukasema ana shule ya kukunja watoto na karibu atatoa vyeti. Lakini mtoto alikuwa salama kwa kila mkono uliomshika.

Tatizo lilikuwa baba.

Baba Punje alikuwa muuza magodoro. Kazi yake, kwa jinsi nilivyoiona mimi, ilikuwa kujilaza mbele ya wateja na kusema, ah, raha. Mtu mzuri, mcheshi, shati limenyooka, viatu vinang'aa. Tulimwita Shwari, kwa sababu ukimwuliza chochote jibu lake ni hilo. Habari za kazi? Shwari. Paa linavuja? Shwari. Ungemkuta amening'inia kisimani kwa kidole kimoja, angekujibu shwari na tabasamu juu.

Sasa huyu Shwari alikuwa na mama yake, mbali, mji mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima kwa treni. Mama huyo alikuwa dobi, anafua mashuka ya nyumba za wageni, mwanamke wa nguvu, mkono wake mmoja ungeweza kukamua shuka na mkamuaji pia. Wakati Shwari anaoa, mama alimkataa Fundi waziwazi. Alisema ukoo wa kina Fundi ni wa watu wembamba, wenye vifua vibovu, na akasema, "Utaniletea wajukuu wa kukohoa." Shwari akaapa kwamba atamwonyesha.

Kwa hiyo Punje alipozaliwa na moyo wake ule, mnadhani alimwambia mama yake? Thubutu! Kwenye simu mtoto alikuwa mzima, mnene, anacheka, anakula kama mchimba mitaro. Mama akaomba picha. Shwari akampeleka Punje kwa mpiga picha wa kona, na picha ilipotoka akamwomba yule bwana aipake midomo rangi kwa mashine yake, iwe myekundu, na mashavu ayajaze kidogo. Ilipokamilika akaja kutuonyesha kibarazani.

"Bibi, mwanangu huyo. Mnamwonaje?"

Tulicheka, jamani. Nilicheka mpaka ungo ukaanguka. Nikamwambia, "Mwambie na mimi anipake, labda nitapata mchumba." Naye akacheka. Fundi peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akaitazama ile picha, akasema, "Huyu nani?" Akarudi ndani.

Kicheko kile nitakieleza mbele. Msidhani nimekisahau.

Siku zikaenda, ikapatikana nafasi. Hospitali kubwa, ile ya mbali wanakopasua mioyo, ikatoa kitanda. Muuguzi wa kliniki akamwita Fundi na kumwambia kwa makini: "Kitanda chenu ni Jumatano asubuhi. Madaktari wamekuja kutoka mbali kwa wiki moja tu. Mkimfikisha akiwa hana homa, hajachoka, hajakaukiwa maji, atashonwa moyo na atakua kama watoto wengine. Njiani mnyonyeshe kidogokidogo. Dawa kwa saa zake. Na kila atakayemshika ajue la kufanya." Akamwandikia kadi kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye mfuko wa mtoto: MTOTO HUYU ANA UGONJWA WA MOYO. AKIBADILIKA RANGI MKUNJE MAGOTI KIFUANI, MTULIZE, MKIMBIZE HOSPITALI.

Fundi hakuibandika. Aliishona, mishono minne, na uzi mweupe.

Na treni ya kwenda huko ilikuwa inaishia mji wa mama mkwe. Lazima ushuke Jumatatu jioni, ulale, upande nyingine Jumanne mchana. Kwa hiyo walale kwa nani? Kwa yule dobi.

Niliwasikia wakibishana. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba na masikio yangu hayajazeeka.

"Tumwambie mama yako leo kwa simu," alisema Fundi.

"Tutamwambia tukirudi. Mtoto akiwa ameshapona."

"Kwa nini tusiseme kabla?"

"Kwa sababu nikisema leo atasema si nilikwambia. Nikisema akiwa amepona, hana la kusema. Siku moja tu, mke wangu. Tunafika, tunalala, tunaondoka. Nimemwambia tunakwenda likizo."

"Likizo ya hospitali?"

"Usianze."

Asubuhi ya safari niliwasindikiza mpaka kituoni, nimebeba chupa ya maji yaliyochemshwa. Ndipo nikaona kwenye mfuko wa mtoto alama nne za sindano na nyuzi zimekatika. Kadi haipo. Shwari aliniona nimeitazama, akanikonyeza. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nimeyapata kwa Fundi mwenyewe, na mengine kwa wifi yake, aliyekuja baadaye kuyatapika kibarazani kwangu akilia. Kwa hiyo msiseme Bibi anatia chumvi. Chumvi ingekuwa afadhali.

Ndani ya treni behewa lilijaa na joto lilikuwa kali. Saa sita mchana Shwari alikwenda behewa la chakula. Punje akaanza kulia, joto na kiu, na midomo ikaanza. Fundi akamkunja. Mama mmoja mwenye kikapu cha mayai, aliyekaa mbele yake, akashtuka.

"Dada, mbona unamkunja mtoto kama bahasha?"

"Ana ugonjwa wa moyo, mama. Akikosa hewa ndivyo nilivyofundishwa. Naomba nafasi kidogo na upepo."

Basi ungewaona! Mama wa mayai alisimama na kuwafokea watu waondoke njiani. Baba mmoja mnene, aliyekuwa amelala tangu asubuhi, aliamka akafungua dirisha kwa bega. Mkaguzi wa tiketi alikuja kuuliza fujo ni ya nini, akaambiwa, akavua kofia yake akampepea nayo mtoto. Msichana wa nyuma alitoa kitambaa chake akakilowesha maji. Watu ambao hawakumjua Fundi hata kwa sura walinyamaza behewa zima, ili mtoto atulie. Rangi ikarudi.

Shwari aliporudi na soda mkononi, mkaguzi alimpa mkono. "Pole sana, baba. Huo moyo utapona."

Unajua Shwari alifanya nini? Alitabasamu kwa mkaguzi, akakaa, akamwinamia mke wake sikioni akasema, "Lazima uwatangazie watu wote?"

"Wamemsaidia."

"Wamemwonea huruma. Hiyo ni tofauti."

Hakusema naye tena mpaka wakashuka.

Kwa dobi walipokelewa kwa vigelegele. Uani kamba zimejaa mashuka, ndani harufu ya wanga na pasi. Ile picha ya uongo ilikuwa ukutani, juu kabisa ya meza ya kupigia pasi. Mama mkwe alimpokea Punje, akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Mbona amepungua?"

"Safari, mama," Shwari akasema. "Joto."

"Na hizi kucha?"

"Baridi ya asubuhi."

"Joto au baridi?" Mama yule hakuwa mjinga. Lakini mwanawe akacheka, akamkumbatia, akamwuliza amepika nini, na yakapita. Fundi akamchukua mtoto wake. Mume wake alikuwa amembana njiani kutoka kituoni: siku moja tu, ukinifedhehesha mbele ya mama yangu sitakusahau.

Jumanne asubuhi ikafika. Treni ilikuwa ya saa nane. Punje alikuwa ameamka vizuri, dawa amekunywa, amenyonya. Fundi alikuwa hajaoga tangu juzi, maziwa yamemgandia kifuani. Bafu lilikuwa nje, mwisho wa ua, nyuma ya mashuka.

Alimpa baba mtoto. "Akianza unajua la kufanya."

"Najua."

"Usimwachie mtu asiyejua."

"Nenda kaoge, mama Punje. Mimi si baba yake?"

Akaenda. Sebuleni walibaki watu watatu na mtoto: Shwari, mama yake akipiga pasi, na dada yake, yule wifi, aliyekuja na midomo yake kumwona mtoto wa kaka. Wifi alimtwaa Punje kwenye mikono ya baba yake bila kuomba, akamrusha juu, hopa! Akamdaka, akamrusha tena. Mtoto akashtuka, akalia. Wifi akamwigiza kilio chake. Mtoto akazidi.

Shwari alimchukua. Aliiona midomo. Akashika magoti ya mwanawe, akaanza kuyakunja.

"He!" Wifi akapasuka kwa kicheko. "Mama, mwone mwanao! Anamkunja mtoto kama foronya! Kaka, hujui hata kushika mtoto?"

Mama naye akacheka. "Mwanamume huyo. Hebu nipe hapa, utamvunja."

Na Shwari akacheka nao.

Simameni hapo kidogo, jamani. Alikuwa anahitaji maneno manne. Mama, mtoto anaumwa moyo. Manne tu, hesabu kwa vidole, dole gumba linabaki. Muuza magodoro yule angeweza kukuzungumzia sponji kutwa nzima bila kupumua. Akamkabidhi mama yake mtoto, akasema, "Ana hasira tu huyo. Kama wewe, mama."

Yule mama alikuwa amelea watoto sita. Alijua njia moja ya mtoto aliyekakamaa kwa kilio, nayo ndiyo aliyoitumia kwa wote sita. Akamlaza juu ya meza ya pasi, chali. Akamnyoosha miguu, akaishika isikunjike. Punje mwenyewe alikuwa anajikunja, mwili wake ulijua, anavuta magoti juu, na bibi yake anayanyoosha. "Tulia, tulia, mama, jinyooshe upumue." Anavuta, bibi ananyoosha. Wifi akanyunyiza maji usoni. Akampiga nyayo. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na rangi haikuwa ya zambarau tena, ilikuwa ya jivu.

"Kaka, mbona hivi? Mbona anakuwa hivi?"

Shwari alikuwa amesimama ukutani. Mdomo umefunguka, hakuna kitu kinachotoka.

Nyuma ya mashuka, Fundi alikuwa amejipaka sabuni. Alikisikia kilio, akaharakisha. Halafu kilio kikakatika. Mama mwingine kilio cha mwanawe kikinyamaza humshukuru aliyembembeleza. Fundi aliliangusha kopo la maji, akatoka mbio na taulo, povu shingoni, akayapita mashuka ya watu na kuyaburuza matopeni.

Aliwakuta wamemshika miguu.

 Alimnyakua, akamkunja, akamweka kifuani, akamnong'oneza kama siku zote. Punje alikunjika vizuri sana, bila ubishi wowote. Fundi akaendelea kunong'ona huku anakimbia, na wifi nyuma yake anamrushia shuka ajifunike, maana taulo lilikuwa limeanguka getini.

Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara, na Shwari na mama yake walifika nyuma yao. Daktari alikuwa kijana, kalamu sikioni. Alifanya alichoweza, akabonyeza kile kifua kidogo kwa vidole viwili, akampulizia hewa, akamchoma sindano. Alifanya kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana. Kisha akaitoa mikono yake.

"Mtoto alikuwa na tatizo la moyo?" aliuliza.

"Hapana," mama mkwe akajibu. Ndiye aliyejibu. "Mjukuu wangu mzima. Alikuwa na hasira tu."

"Ndiyo," akasema Fundi. "Tulikuwa tunampeleka kupasuliwa. Kesho asubuhi."

Mama mkwe akamgeukia Fundi, kisha akamgeukia mwanawe.

Daktari akauliza, taratibu, na mimi nadhani laiti angejua asingeuliza, "Alipobadilika rangi, mlimkunja magoti?"

"Kumkunja?" akasema yule mama. "Nilimnyoosha. Alikuwa anataka kujikunja, nikawa namnyoosha."

Daktari alitazama sakafu. Hakusema kosa lako, hakusema si kosa lako. Mama yule aliiangalia mikono yake, akaiweka nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Wewe ulijua," alimwambia mwanawe.

"Mama..."

"Ulikuwa umesimama pale. Nilikuwa namshika miguu na ulikuwa umesimama pale."

Simu ya Fundi ikaita mfukoni mwa Shwari, maana yeye ndiye aliyekuwa ameishika. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa, anataka kujua wameshafika wapi na mtoto ameamkaje. Shwari aliitazama ile simu inavyoita. Fundi aliichukua mkononi mwake, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, dada. Hicho kitanda mpeni mtoto mwingine." Akakata.

Punje alizikwa kule. Fundi alirudi na kapu tupu.

Sasa msidhani yaliishia hapo. Shwari alirudi kazini wiki ya pili. Mtu akimpa pole, alikuwa anasema, "Ghafla tu. Alikuwa mzima kabisa." Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia hivyo mteja, amekaa juu ya godoro. Hata maiti alimnyima ugonjwa wake.

Mama yake alikuja mwezi uliofuata, peke yake, kwa treni ileile. Alikuwa amekonda. Niliambiwa ameacha udobi. Akishika shuka kulinyoosha analiachia. Alipiga magoti mlangoni kwa Fundi, mwanamke yule wa nguvu, mbele yangu na mbele ya mama mwenye genge.

"Mwanangu, ni mikono yangu."

"Mama, simama. Wewe hukuambiwa."

"Ningeambiwa ningemkunja. Ningemkunja siku nzima. Ningekaa naye hivyo mpaka kwenye hiyo treni."

"Najua, mama."

"Nilisema watoto wa kukohoa. Nilisema lile neno."

 Fundi alimwinua, akamkalisha kwenye kiti cha cherehani, akaendelea na alichokuwa anakifanya, yaani kufunga mizigo. Alikuwa anahama. Cherehani ilishafunguliwa mguu na kichwa, mikasi imefungwa kwenye kitambaa, chaki na vifungo vimo ndani ya kopo. Shwari alikuwa mlangoni, hana ruhusa ya kuingia wala nguvu ya kuondoka. Shati lake lilikuwa na mikunjo, mara ya kwanza naliona hivyo.

"Nikuulize kitu kimoja," Fundi akamwambia, bila kugeuka. "Ulipoiona midomo yake. Uliiona, maana ulianza kumkunja. Halafu ukaacha. Wakati ule unaacha, ulikuwa unawaza nini?"

 Mama yake Shwari alikuwa anamtazama. Sisi sote tulikuwa tunamtazama.

"Niliwaza wananicheka," akasema.

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo cha suruali. Akafunga kamba ya mzigo wa mwisho, akaukata uzi uliobaki kwa meno, akatoka.

FUNZO

Nataka niliseme wazi, maana nilisoma mpaka darasa la saba tu na sijui kuficha maana kwenye maneno makubwa.

Ugonjwa wa mtoto si aibu ya ukoo wowote. Moyo mbovu hauchagui ukoo wa wembamba wala wa wanene. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, kifafa, moyo, damu, kifua, chochote, anayemshika mwanao lazima ajue. Mwambie mama mkwe hata kama atasema si nilikwambia. Mwache aseme! Maneno ya mama mkwe yanauma, lakini hayajawahi kumnyima mtoto hewa. Unaposafiri, mwambie jirani wa kiti, mwambie mkaguzi, shona kadi kwenye mfuko na usikubali mtu aifumue. Punje aliokolewa na wageni walioambiwa, akafa mikononi mwa bibi yake mzaa baba ambaye hakuambiwa.

Nanyi mabibi na mawifi, kabla hujawa mtu wa kuogopwa na mwanao mwenyewe, jiulize anakuficha nini. Na ukimwona mzazi anamshika mtoto kwa namna usiyoielewa, uliza kwanza, kicheko kitasubiri.

Sasa kile kicheko changu. Nilijua picha ni ya uongo, nikaangusha ungo kwa kucheka. Nilijua kadi imefumuliwa, nikakonyezwa, nikanyamaza. Namba ya simu ya yule dobi nilikuwa nayo, maana aliwahi kunipigia kuulizia mjukuu wake, na nilimwambia, "Anacheka huyo, hajambo kabisa." Mimi nilimwambia hivyo. Kwa hiyo mkitaka kumnyooshea Shwari kidole, nyoosheni, lakini kimoja mkibakize kwangu, na kingine kwenu, mliokuwa kibarazani siku ile. Nimewaona. Mlicheka.

Wewe uliyekaa mbele na mtoto mgongoni: nimekuona unavyomfunika uso kila nikikutazama. Sitakuuliza mbele za watu. Tukimaliza hapa, bakia, uniambie anaumwa nini, na unionyeshe namna ya kumshika.